Umeme Umefika Sebuleni, Jikoni Bado



Juma hili napenda tutafakari juu ya chumba kimoja cha nyumba zetu ambacho wageni hawakaribishwi kukiona, nacho ni jiko. Padre akialikwa kubariki nyumba mpya, huongozwa kwanza sebuleni, kisha vyumbani, na asipouliza mwenyewe, ibada hukwisha bila tone la maji ya baraka kufika jikoni. Mama wa nyumba huona haya na kusema, "Huko, Baba, kuna moshi, usije ukachafua kanzu." Ni kweli, moshi upo. Ndipo linapozuka swali ambalo napenda tulijibu pamoja: kwa nini nyumba yenye taa katika kila chumba, runinga ukutani na simu tatu zinazochajiwa kwa wakati mmoja, bado ina moshi jikoni?

Tusikimbilie kusema kwamba nchi haina umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, uliozaliwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefanya kazi ambayo wazee wetu wasingeiota. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na ada ya kuunganishiwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000. Kule Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, yaani jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwezi Februari 2024, na wa tisa ukakamilika mwaka 2025. Ni kweli pia kwamba kijiji kufikiwa si sawa na kila nyumba kufikiwa, na wengi wetu tunazijua nyumba ambazo nguzo imepita mlangoni pao bila waya kuingia ndani. Leo, hata hivyo, nazungumza na wale ambao waya umekwisha kuingia.

Tazameni mpangilio wa manunuzi katika familia nyingi baada ya umeme kuwashwa. Kwanza ni taa, na ni haki. Kisha ni kuchaji simu, ambako nako hakuna wa kukulaumu. Kisha runinga na king'amuzi chake, kisha sabufa, kisha pasi. Mambo yakinyooka, linanunuliwa jokofu. Nalo, ingawa ni chombo cha jikoni, huwekwa sebuleni na kuvishwa kitambaa cha kufuma ili wageni walione. Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, mama anaendelea kupepea jiko la mkaa kwa kipande cha boksi, au kupuliza kuni mbichi kati ya mafiga matatu. Umeme umefika sebuleni, umepumzika kwenye kochi, wala haujainuka kwenda kusaidia kupika.

Nikiuliza sababu, jibu hunijia haraka, hasa kutoka kwa akina baba: kupika kwa umeme ni ghali, LUKU itakwisha. Jibu hili linastahili heshima, kwa kuwa hakuna anayependa kulala gizani. Lakini jibu la bei hupimwa kwa hesabu. Basi na tuhesabu.

Uniti moja ya umeme ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti; ukiongeza kodi na tozo, inakuwa shilingi 122. Mteja wa kawaida hulipa shilingi 292, na pamoja na kodi na tozo inakaribia shilingi 356. Sasa chukueni presha kuka ya umeme, ile sufuria inayofungwa kwa mfuniko wenye mpira na kujizima yenyewe. Ina wati 1,000 au zaidi kidogo, lakini haivuti umeme muda wote. Ikishapata joto, hukata na kuwaka kwa vipindi tu. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva humo chini ya saa moja, kwa takriban nusu uniti. Kwa mteja wa matumizi madogo, nusu uniti ni shilingi 61. Kwa mteja wa kawaida ni shilingi 178. Sijui mji wowote katika nchi yetu ambako mkaa wa kuivisha maharage unauzwa kwa shilingi 178.

Hebu tulinganishe na sebule. Runinga, king'amuzi na sabufa vikiwashwa pamoja hukaribia wati 100. Kwa saa tano, tangu taarifa ya habari hadi mpira wa usiku, hiyo nayo ni nusu uniti. Kwa maneno mengine, umeme wa kutazama mpira jioni moja unatosha kuchemsha maharage ya familia nzima. Hakuna nyumba niliyosikia ikikatazwa kutazama mpira kwa hofu ya LUKU. Nyumba zilizokatazwa kuchemsha maharage ni nyingi.

Nakiri kwamba hofu hii ina mzizi. Watu wengi walionja kupika kwa umeme kwa jiko la koili, lile la waya unaogeuka mwekundu. Jiko hilo kwa maharage ni balaa. Sufuria iko wazi, joto linapotea pande zote, na kama lina wati 1,500, saa mbili na nusu ni karibu uniti nne. Aliyeona uniti nne zikiyeyuka kwa mlo mmoja hawezi kusahau. Lakini kuihukumu presha kuka kwa makosa ya koili ni kama kumhukumu mtoto kwa deni la jirani. Presha kuka hufunga joto ndani, na kwa kuwa mvuke hautoki, maji humo huchemka kwa nyuzi zaidi ya 110 za Selsiasi badala ya 100. Ndiyo maana chakula kigumu huiva mapema.

Ikiwa hesabu ni hiyo, mbona hali haibadiliki? Hapa ndipo, ndugu zangu, nadhani tumekuwa tukilikwepa jambo lenyewe. Katika nyumba nyingi kuna mifuko miwili. Baba hununua LUKU. Mama hununua mkaa, na huununua kwa kopo, kutoka katika pesa ya matumizi anayoachiwa asubuhi, ile inayotakiwa kutosha unga, mboga, mafuta, nyanya na mkaa wenyewe. Pesa ya mkaa haionekani mezani, kwa sababu imekwisha kumegwa kwenye chakula. Mama akiongeza mkaa, anapunguza mboga; baba hajui, maana sahani imefika. Siku mama atakapopika kwa umeme, gharama itahama kutoka mfuko wake kwenda mfuko wa baba, na hapo ndipo baba atakaposema umeme ni ghali. Kwa familia nzima gharama imepungua, ila kwa mara ya kwanza baba ameiona.

Na kuna gharama nyingine ambazo hazimo katika mfuko wowote. Kuna saa za kupepea na kusubiri. Kuna binti anayechelewa kudurusu kwa sababu anasafisha masizi. Kuna macho mekundu na kifua kinachobana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 uchafu wa hewa ya majumbani, unaotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulichangia vifo milioni 3.2 ulimwenguni, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hao ndio wale wanaobebwa mgongoni mama anapopika. Tunazika, tunasema ni nimonia, tunamshukuru Mungu kwa yote, kisha tunarudi nyumbani kuwasha jiko lilelile.

Kuna pia msitu. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba nchi yetu ilikuwa ikitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake Dar es Salaam peke yake. Tanuri la kienyeji la udongo hupoteza sehemu kubwa ya kuni zinazoingia humo. Kupata tani moja ya mkaa, aghalabu huhitajika tani tano hadi kumi za kuni. Sipendi, hata hivyo, tumfanye mchoma mkaa kuwa adui. Naye ana watoto na ada za shule, na mara nyingi ni mkulima ambaye mvua imemwangusha. Wilayani Kilosa kumekuwa na vijiji vinavyovuna mkaa kwa zamu katika misitu yao vyenyewe, sehemu iliyovunwa ikiachwa ichipue upya na mapato yakibaki kijijini. Huo ni utaratibu wa watu wenye akili. Lakini hata mkaa uliovunwa kwa utaratibu hutoa moshi uleule katika chumba cha mama.

Yamkini baadhi yenu mmekwisha kuandaa majibu, nami napenda kuyapokea yale yenye uzito.

Kwanza, umeme hukatika. Ni kweli. Miezi ya mwisho ya mwaka 2023 tulikuwa na mgawo uliotuchosha wote. Tangu Rufiji ianze kuzalisha, uwezo wa mitambo umepita mahitaji ya taifa, na kukatika tunakokuona sasa hutokana zaidi na njia za kusafirishia na kusambazia. Kwa hiyo simwambii mtu avunje jiko lake la akiba. Presha kuka inapika maharage, makande, nyama, wali na supu, yaani vile vyakula vinavyokula mkaa kuliko vyote. Chapati na ugali vinaweza kubaki kwenye gesi au hata kwenye jiko banifu. Kuhamisha chakula kigumu peke yake ni kupunguza sehemu kubwa ya moshi na ya gharama.

Pili, serikali inahimiza gesi. Kwa nini umeme? Gesi ni njema, na mwenye uwezo wa kuijaza aijaze. Lakini tuangalie namna maskini anavyopata pesa. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Mtungi mdogo wa kilo 6 hudai zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na ndiyo maana mitungi mingi iliyogawiwa kwa shangwe imegeuka stuli ya jikoni baada ya gesi ya kwanza kwisha. LUKU, kinyume chake, hununuliwa kwa shilingi 1,000, saa mbili usiku, kwa simu. Umeme unauzwa tayari kwa namna mkaa unavyouzwa, kidogo kidogo. Kizuizi kimoja kikubwa ni bei ya chombo chenyewe, na kwa hiyo mpango wowote wa kumwezesha mtu kukilipia kidogo kidogo unastahili kuungwa mkono.

Tatu, wapangaji. Hapa nina la kuwaambia wenye nyumba, ambao baadhi yao hukaa viti vya mbele kanisani. Nyumba moja ina wapangaji sita na mita moja, wanachanga sawasawa, na sharti la kwanza ni kwamba hakuna kupika kwa umeme. Naelewa hofu ya ugomvi. Lakini mita ndogo kwa kila chumba humaliza ugomvi huo, kila mmoja akalipa alichotumia. Mwenye nyumba anayeweza kuweka vigae sebuleni kwake hashindwi kuweka mita sita.

Nne, lile kundi la bei nafuu. Familia inayopika vyakula vingi kwa umeme inaweza kutumia uniti moja na nusu kwa siku jikoni, yaani 45 kwa mwezi. Taa na runinga vikiongeza 20, inafika 65, imo salama ndani ya 75. Ikiwa na jokofu linalotumia uniti moja kwa siku, itafika 95, na uniti za ziada zinahesabiwa shilingi 350 badala ya 100, zaidi ya mara tatu, kabla ya kodi. Hivyo mtu wa kipato kidogo anayejitahidi kuacha mkaa anasukumwa kwenye bei ya juu kwa sababu ya juhudi yake. Kiwango cha 75 kilipangwa kwa ajili ya nyumba ya taa na redio. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Basi na kiwango hicho kitazamwe upya, ili bei isimpinge yule tunayemhimiza.

Sasa, kabla hatujamnyoshea kidole baba wa familia au serikali, tujitazame sisi wenye taasisi. Shule zetu za bweni, seminari, nyumba za watawa na hospitali hulisha mamia kila siku. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa, na tarehe 31 Januari 2024 ikatajwa kuwa mwisho. Tupite nyuma ya mabweni tuone kama hakuna marundo ya magogo. Mara nyingi tunajenga ukumbi kwanza, geti zuri lenye jina la shule kwanza, na jiko la wapishi linasubiri mfadhili. Ni ugonjwa uleule wa sebule. Sisi viongozi hatuwezi kuihubiria familia utunzaji wa mazingira huku mpishi wetu akikohoa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishiki. Wengi wetu tuliusoma tukawaza barafu inayoyeyuka huko mbali na viwanda vya mataifa makubwa. Hayo ni ya kweli. Lakini kilio hicho kina anwani ya karibu zaidi. Mti ulioanguka Kilosa na kifua kinachobana Mbagala vinakutana katika jiko moja, na aliyesimama mbele ya jiko hilo ni mwanamke ambaye hakuulizwa pesa ya kwanza inunue nini.

Kwa hiyo hoja yangu ni fupi. Teknolojia haiingii nyumbani kwa kufuata hitaji kubwa. Huingia kwa kufuata sauti yenye nguvu. Sebule ina sauti, kwa kuwa humo hukaa baba, wageni na heshima yetu mbele ya majirani. Jiko halina. Tukiendelea kungoja teknolojia ishuke bei hadi ifike jikoni yenyewe, itashuka, na bado tutanunua sabufa kubwa zaidi.

Nipendekeze basi mambo matatu. Kwa juma moja, mke na mume waandike pamoja kila shilingi ya mkaa au kuni na kila shilingi ya LUKU katika daftari moja, mifuko miwili ikae meza moja. Pili, kamati za harusi na kicheni pati, ambazo tunazichangia kwa moyo kuliko hata ujenzi wa zahanati, zifikirie kumpa bibi harusi presha kuka moja badala ya seti ya tatu ya glasi. Tatu, maharage yalowekwe usiku, hata na yule anayepikia kuni. Hilo halina bei, na linapunguza muda wa moto.

Na katika jumuiya ndogondogo juma hili, baada ya sala, kila familia yenye umeme ijibu mbele ya wenzake, akina mama wakianza kusema: tangu umeme uwashwe nyumbani kwenu, ni kifaa gani kilinunuliwa kwanza, nani aliamua, na ni lini mara ya mwisho mama aliulizwa?